Mchujo napita, mbele ya jopo naanguka: nijiandaeje kwa mahojiano ya kazi?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 28 na shahada ya ununuzi na ugavi. Nilijitolea miezi tisa kwenye kitengo cha manunuzi cha halmashauri, na tangu hapo sijapata ajira. Kwa sasa namsaidia shangazi dukani kwake, anauza vifaa vya ujenzi. Nimeshaitwa usaili wa serikali mara mbili kwa nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II. Mtihani wa mchujo napita, mahojiano ndiyo yananishinda. Mara ya mwisho nilijitambulisha vizuri, lakini swali la pili lilikuwa la namna ya kusimamia stoo, kitu ninachokijua kabisa, na nikasahau kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama, walikuwa wanaandika tu. Kiingereza changu ni cha kuandika, si cha kuongea. Nyumbani wananiambia bila mtu wa kunishika mkono huko ndani najisumbua bure. Sasa nimeitwa tena, mchujo nimepita, mahojiano ni baada ya wiki mbili. Nijiandaeje? Na hili la duka la shangazi nilitaje au ninyamaze? Naona kama linanishusha."*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na neno "kuanguka", maana huenda unajihukumu kuliko matokeo yenyewe yanavyosema. Kwenye usaili wa utumishi wa umma hapa Tanzania, kufeli na kutopangiwa kituo ni mambo mawili. Nafasi zikiwa chache kuliko waliofaulu, wanapangiwa wenye alama za juu, na wengine waliofaulu huhifadhiwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira, wakaweza kuitwa nafasi ikitokea. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal uangalie usaili ule wa nyuma uliishia wapi. Kama hukufaulu, utajua. Kama ulifaulu ukazidiwa, basi pengo lako ni dogo sana na unahitaji kuongeza kidogo tu.

Vyovyote itakavyokuwa, mtu anayepita mchujo mara tatu mfululizo hana tatizo la kutoijua kazi. Unaijua. Kinachokushinda ni kuitoa kichwani na kuiweka mezani kwa sauti, ndani ya dakika mbili, mbele ya watu usiowafahamu. Hiyo ni kazi nyingine, ina mazoezi yake, na kwa barua yako naona hujawahi kuyafanya kwa sababu hakuna aliyekwambia yapo.

Nimekaa upande ule wa meza kwa miaka mingi, kwa hiyo nikueleze wale watu wanaandika nini. Kila mjumbe wa jopo ana karatasi yake ya alama. Wasailiwa wote wa kada hiyo wanaulizwa maswali yaleyale, na kila swali lina hoja zinazotarajiwa na alama zake. Ukitaja hoja, mjumbe anaiandika. Usipoitaja, hana mahali pa kukupa alama, hata kama sura yako inamwambia unaijua. Ndiyo maana vichwa vimeinama. Hawajakuchoka wala hawajakuchukia. Wanajitahidi wasipitwe na ulichosema. Kuna majopo ambayo hukubaliana kabisa kutotabasamu wala kutikisa kichwa, ili msailiwa wa saa mbili asubuhi na wa saa kumi jioni wapate sura moja. Siku hiyo ukiona mtu anaandika wakati unaongea, ujue unampa cha kuandika. Wa kukutia wasiwasi ni yule aliyeweka kalamu chini.

Sasa kwa nini ulisahau kitu unachokijua? Naamini ulijiandaa kama wengi wanavyojiandaa: daftari la chuo, ukasoma, ukarudia, kila ukurasa ukawa unasema moyoni "hili nalijua". Lakini kulitambua jambo ukiliona limeandikwa na kulitoa kichwani bila kuliona ni uwezo wa aina mbili tofauti, kama vile kumfahamu mtu kwa sura huku jina lake limekutoka. Kusoma kimya kunajenga ule wa kwanza. Jopo linapima ule wa pili. Juu ya hapo ongeza hofu: sehemu ya akili inayoshika mawazo kwa muda mfupi, ile unayoitumia kupanga sentensi, haina nafasi kubwa. Ukiwa unajiuliza "mbona hawanitazami, Kiingereza changu wamekionaje", nafasi hiyo imeshajaa, na hoja zako zinakosa pa kukaa. Dawa yake ni kuzitamka hoja hizo kwa sauti mara nyingi kabla ya siku yenyewe, mpaka zitoke bila kuhitaji nafasi kubwa.

Kwa hiyo wiki hizi mbili funga daftari. Chukua tangazo la kazi, sehemu ya majukumu. Kila jukumu lililoandikwa pale ni swali linalokusubiri: kupokea vifaa, kutunza kumbukumbu za stoo, kuandaa mpango wa ununuzi, kuhesabu mali. Soma jukumu moja, weka simu irekodi, jibu kwa sauti kana kwamba umeulizwa. Kisha jisikilize. Utasikia aibu siku ya kwanza, kila mtu anaisikia. Hesabu hoja, usihesabu makosa ya lugha. Kama umeongea dakika mbili na hoja ni moja, rudia. Siku tatu nne za mwisho tafuta watu wawili wakae mbele yako na karatasi, waandike bila kukutazama wala kukujibu kitu. Waambie wazi wasikuonee huruma. Ukishazoea kimya hicho nyumbani, hakitakutisha kule.

Nije kwenye duka, maana hapo ndipo barua yako ilinigusa zaidi. Unataka kukificha kitu ambacho kinaweza kukupa kazi.

Fikiria swali lililokushinda: unasimamiaje stoo? Wasailiwa wengi wanajibu kwa maneno ya chuo: "Nitahakikisha kunakuwa na utunzaji bora wa kumbukumbu na udhibiti madhubuti." Mjumbe anabaki na kalamu hewani, kwa sababu hajaambiwa chochote kinachofanyika. Sasa sikiliza jibu la mtu anayeuza saruji:

"Dukani ninakofanya kazi sasa, bidhaa inayotusumbua zaidi ni saruji, kwa sababu ikikaa muda mrefu au ikipata unyevu huganda. Nilikuta mifuko mipya inapangwa mbele ya ile ya zamani, hivyo ya zamani inabaki nyuma hadi inaharibika. Nikabadili mpangilio: mzigo wa zamani unatoka kwanza, mifuko yote inakaa juu ya chaga, haigusi sakafu wala ukuta. Nikafungua daftari la kila bidhaa, kinachoingia na kinachotoka. Kila Jumamosi jioni tunahesabu kilichopo na kulinganisha na daftari, na hesabu zikipishana tunatafuta sababu siku hiyohiyo. Nilipojitolea halmashauri utaratibu ulikuwa huo, ila kwa nyaraka rasmi: hati ya kupokelea mali, leja ya stoo, na hati ya kutolea inayosainiwa na anayechukua."

Hesabu mwenyewe. Mpangilio, uhifadhi, mzunguko wa bidhaa, kumbukumbu, uhesabuji, kushughulikia tofauti, nyaraka. Hoja saba, dakika moja na kidogo, na hakuna hata moja ya kukariri kwa sababu ni vitu ambavyo mikono yako imefanya. Kumbukumbu ya kitu ulichokifanya haipotei kirahisi kama tafsiri ya kitabu. Ukitetemeka, anza na saruji, mengine yatafuata.

Lakini usiyachukue maneno yangu kama yalivyo. Kama huhesabu kila Jumamosi, usiseme unahesabu. Jopo lenye uzoefu huuliza swali la nyongeza: mlipokuta tofauti mlifanya nini, ilikuwa ya kiasi gani, nani alibeba hasara? Aliyefanya kweli hujibu bila shida, na aliyetunga huanza kujikanyaga, kisha hata majibu yake ya kweli yanatiliwa shaka. Kaa na kalamu jioni moja, andika mambo sita au saba uliyowahi kuyafanya, dukani na halmashauri, makubwa kwa madogo: mzigo uliopokea ukakuta pungufu, muuzaji aliyechelewesha nondo, mteja aliyelalamika, hesabu iliyokataa. Kwa kila moja andika hali ilikuwaje, ulifanya nini wewe (si "tulifanya"), ikaishaje. Matukio hayo machache yatajibu maswali mengi kuliko unavyodhani.

Kisha onyesha kwamba unajua duka linaishia wapi na fedha ya umma inaanzia wapi. Shangazi akitaka mabati anampigia muuzaji anayemwamini, wanaelewana bei, gari linakuja. Serikalini kitu lazima kiwe kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka na fedha yake iwepo, washindanishwe wazabuni, kila hatua iache nyaraka, na kila mmoja awe na mamlaka yake: afisa masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake), bodi ya zabuni, kitengo cha usimamizi wa ununuzi, idara inayohitaji kitu hicho. Ukiweza kusema tofauti hiyo kwa mfano wako mwenyewe, umejibu swali la sheria bila kukariri vifungu.

Na hapa nakuonya: kwa umri wako, nadhani uliyoisoma chuoni ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011. Hiyo imefutwa. Iliyopo ni Sheria Na. 10 ya 2023, na kanuni zake ni za 2024. Ukiulizwa mfumo wa zabuni ukajibu TANePS, utaonekana umelala. Siku hizi ni NeST. Fahamu pia kwamba asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi hutengwa kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria hiyo inapatikana, isome wewe mwenyewe angalau sehemu zinazogusa majukumu ya tangazo lako. Usitegemee maswali yanayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mengi ni ya miaka iliyopita na majibu yake yamepitwa na wakati.

Ukilitaja duka, jiandae na swali moja gumu: "Shangazi yako akiomba zabuni kwenye taasisi yetu, utafanyaje?" Usicheke wala usiseme haitatokea. Jibu lake ni fupi. Utatoa taarifa ya uhusiano huo kwa maandishi kwa mkuu wako, utajitoa kwenye kila hatua ya zabuni hiyo, na hutampa shangazi taarifa yoyote ambayo wazabuni wengine hawana. Hilo ni swali la mgongano wa maslahi, na wewe una mfano hai. Watu wa maadili mazuri wengi hulikosa kwa kuanza kujitetea.

Kuhusu Kiingereza, sitakwambia hakina uzito, kwa sababu maswali yanaweza kuulizwa kwa lugha hiyo na jopo linahitaji kukuelewa. Ila hakuna mjumbe mwenye akili timamu anayemnyima Afisa Ugavi alama kwa sababu ya lafudhi. Kinachowaponza watu ni kutafuta Kiingereza kikubwa. Sentensi inaanza, inazaa sentensi nyingine, katikati msailiwa hajui alikuwa anaelekea wapi, na hoja imezama humo. Tumia sentensi fupi zenye mtendaji na kitendo: nilipokea, nilihesabu, niliandika, nilitoa taarifa. Yale matukio yako yazoee kwa Kiingereza hichohicho chepesi, kwa sauti, na istilahi za kazi uzitamke mpaka ulimi uzikubali. Kama hujui iwapo unaruhusiwa kuchanganya lugha, uliza kwa adabu mwanzoni kabisa, mara moja. Wakikubali, tumia ruhusa hiyo bila kuomba radhi tena. Na swali usipolielewa, omba lirudiwe. Kurudiwa swali hakukupunguzii alama, lakini kujibu swali ambalo hukuulizwa kunakumaliza.

Usichokijua kabisa, sema hukijui, kisha taja kilicho karibu unachokijua. Kukaa kimya dakika nzima ni hasara, kutunga ni hasara kubwa zaidi.

Swali la kujitambulisha unalimudu, ila lisizidi dakika mbili. Hawahitaji kijiji ulichozaliwa wala idadi ya ndugu zako. Elimu, halmashauri ulipojitolea ulifanya nini, dukani unafanya nini, kwa nini nafasi hii. Wakiuliza udhaifu wako, taja udhaifu wa kweli usiovunja kazi na hatua unayochukua. "Mimi ni mchapakazi kupita kiasi" wameshaisikia tangu asubuhi. Mshahara serikalini uko kwenye ngazi iliyotajwa na tangazo, kwa hiyo huna cha kujadili hapo. Ukiitwa na kampuni binafsi ndipo utahitaji kujua soko linalipa kiasi gani na kutaja kiwango bila kigugumizi.

Sasa hili la "mtu wa kukushika mkono". Sitakuapia kwamba upendeleo haujawahi kutokea popote nchini. Ninachokijua ni kwamba mahali ambapo wajumbe kadhaa wanajaza alama kila mmoja kwa karatasi yake, kumbeba mtu asiyejibu kitu ni kazi ngumu, na watoto wa wakulima wasio na mjomba yeyote wanapata kazi kila awamu. Nimewaona. Ubaya wa imani hiyo ni kwamba inakufanya ujiandae nusu, kisha ukikosa unapata ushahidi kwamba ulikuwa sahihi. Tena inawafungulia mlango matapeli. Mtu akikupigia simu na kusema ana jina lako, tuma kiasi fulani akuweke kwenye orodha, huyo ni mwizi hata akitaja namba yako ya mtihani. Sekretarieti haitozi fedha kumpatia mtu kazi. Na akitokea yeyote, mjumbe au mtumishi, akakudai mwili wako kwa ajili ya ajira, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usijadiliane naye na usifute ujumbe wake. Piga TAKUKURU, namba 113, ni bure. Hakuna nafasi ya kazi yenye thamani ya hilo, na kosa si lako.

Mengine ni ya mizigo na safari, lakini yanawarudisha watu mlangoni kila mara. Vyeti viwe halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulisoma, cha shahada. Hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti. Beba kitambulisho, na kama tangazo linataka usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, cheti chake pia. Nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti, na usome upya mahali na saa, maana usaili hauko Dodoma peke yake siku zote. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo zungumza na shangazi mapema. Kama ni mbali, fika siku moja kabla. Anayeshuka kwenye basi alfajiri na kuingia chumbani saa mbili tunamtambua akifungua tu mlango. Vaa nguo safi ya heshima ambayo umeshaizoea, kula kitu chepesi, na uwe tayari kusubiri hata nusu siku kwenye benchi. Huko kwenye benchi usikae na wanaotoka ndani wakisimulia vitisho.

Yapo mambo ambayo barua haitatosha. Kama majina yako yanapishana kati ya cheti kimoja na kingine, hata kwa herufi moja, mwone wakili wiki hii, si wiki ijayo, na uende na tangazo lenyewe ili aone wanataka nyaraka gani. Nyingine zinahitaji kusajiliwa na huchukua siku. Mtafute pia afisa ugavi aliye kazini, hata yule aliyekusimamia halmashauri, umwombe saa moja akuulize maswali ya kazi na akuonyeshe NeST inavyofanya kazi. Hawa watu hukubali wakiombwa vizuri kuliko unavyodhani. Na hili la kusahau: kama linakutokea mbele ya jopo tu, mazoezi niliyokueleza yatalipunguza. Lakini kama hulali siku nyingi kabla, moyo unakwenda mbio na pumzi inakata hata ukiwa nyumbani, au umeanza kuona huna faida kwa mtu yeyote, usisubiri usaili upite. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, mweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza mimi, naye atakuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hiyo haiandikwi kwenye karatasi ya jopo, na haitakuzuia kupata kazi.